Mkebe wa Mama Pendo Ulivyofika Ashenford

Mama Pendo ameniuliza mara tatu sasa, na mara ya mwisho ilikuwa nje ya kanisa watu wakisikia, mbona binti yake aliye London hakupata visheti vyake. Wengine wenu mmeniuliza kwa upole zaidi: Wakesho, safari ilikuwaje? Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye maegesho ya magari, kila mmoja akiondoka na kipande chake. Leo niko nyumbani, sina zamu hospitalini, chai iko mezani. Nakaa niandike yote mara moja. Habari za tiketi na viza naziruka, maana hakuna aliyewahi kufurahishwa nazo. Na wewe Mama Pendo, naanza kwa kukiri: visheti vyako vililiwa na Waingereza, tena wakalamba vidole. Soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Missouri City hadi Fort Worth

Wengi wenu mnamjua mama yangu kwa sura tu, yule mzee mwembamba anayekuja Krismasi na kurudi Fort Worth kwa mdogo wangu Mwadime. Huko kwetu, milima ya Taita, watu hawamwiti kwa jina. Wanamwita Mwalimu. Alifundisha darasa la tano mpaka alipostaafu, na mimi mwenyewe nilipita mikononi mwake. Sikupendelewa hata siku moja.

Alipokuwa mwalimu mpya, shuleni kwake alikuja Mwingereza kijana, Edith, akafundisha mwaka mmoja tu. Mama yake Edith akaugua, ikabidi arudi kijijini kwao, Ashenford, na hakuondoka tena. Wakaanza kuandikiana. Edith alikuwa ameanza kuchimba historia ya kijiji chake: nani alikaa pale kwanza, kwa nini pale na si pengine, kilikuaje mpaka kikawa kilivyo. Kila alichogundua alimwandikia Mama, na kila barua aliimaliza kwa swali lile lile: na kwenu je? Mama alijibu kila barua. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa posta.

Sasa, kitabu cha shule kilikuwa na ukurasa mmoja tu juu ya jinsi vijiji vinavyokua, na picha yake ilikuwa imefifia. Mama akaona kwa nini ahangaike wakati ana barua. Akachora Ashenford ubaoni. Kijito hapa, kivuko pale, kinu cha maji, kanisa juu ya kilima, reli ilipokuja, reli ilipoondoka. Kila mwaka, kila darasa la tano. Mimi niliijua Ashenford kabla sijaiona Mombasa. Na niliichukia, maana katika mtihani nilikosa swali moja la Ashenford na Mama akaniandikisha jibu lake mara hamsini, wenzangu wakicheza nje.

Mwaka huu ikaja barua kutoka kwa Helen, mpwa wa Edith. Edith alipata kiharusi na hawezi tena kusema. Kabla ya hapo kijito kilifurika, maji yakaingia nyumbani kwake, na karatasi zote za historia zilizokuwa chumba cha chini zikawa uji. Kijiji kilikuwa kinataka kuchonga jiwe la historia yake na kulisimamisha kwenye uwanja wa katikati. Kamati ingeamua maneno yake Jumamosi fulani, na wengi wao walisema kijiji kilianza na kanisa. Edith alitumia maisha yake kuonyesha kwamba sivyo. Helen aliuliza kitu kimoja tu: je, Mwalimu, umebakiwa na barua yoyote?

Mama alikuwa nazo zote. Zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti wa bluu, ule wa duara mnaoujua, ulio katika kila nyumba ya Mwafrika na hauna biskuti hata siku moja.

"Mama, tuzipige picha tumtumie Helen," nilimwambia kwenye simu.

"Mtu amenyamazishwa na ugonjwa, halafu wewe unampigia picha?" akasema. "Nitampelekea mwenyewe. Wewe njoo unisindikize."

Basi hapo nikafanya kosa la kwanza. Nikaandika kwenye grupu letu la Houston kwamba nakwenda Uingereza. Kabla jua halijatua nilikuwa na kamzigo kadogo tu kutoka Katy, kamzigo kadogo tu kutoka Alief, viatu vya mtu, dawa ya nywele ya mtu, na shati la harusi. Jumatano asubuhi, nikiwa nimeshawasha gari, Mama Pendo akaingia uani kutoka Sugar Land, bado amevaa kofia ya kulalia, mkononi mkebe. Wa bluu. Wa duara.

"Wakesho mwanangu, ni visheti tu. Nimevipanga vizuri, nimevishindilia na karatasi juu. Hata ukitikisa havilii."

Kumbuka maneno yako hayo, Mama Pendo.

Barabara ya 45 ilikuwa nzuri mpaka katikati ya safari. Hapo mvua ya mawe ikashuka na lori likalala ubavu mbele yetu, magari yote yakasimama saa mbili na nusu. Mzee mmoja wa Kitexas alishuka kwenye pikapu yake, akatembea gari kwa gari akigawa maji ya chupa. Nikampa chapati mbili. Akala moja palepale akasema hajawahi kula tortila tamu namna hiyo, na mimi sikumsahihisha. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia mama yangu anakwenda kuwaambia Waingereza kijiji chao kilitoka wapi. Akanitazama kidogo, akavua kofia yake. "Basi mwambie awaambie kwa sauti," akasema.

Uwanja wa ndege wa Dallas

Nani hajapiga magoti uwanja wa ndege na begi wazi mbele za watu? Sisi tulipiga. Mama kasimama kando kwa heshima zake zote, kama mtu asiyetujua.

"Sister, hii bag iko overweight sana," Mwadime akasema. "Lazima tu-repack. Na hii mikebe miwili ya nini?"

"Mmoja barua za Mama, huo unaingia kwenye mkoba wake. Mwingine visheti vya Mama Pendo. Visheti vibaki, utavituma kwa posta."

Mikebe yote miwili ilikuwa imezungushiwa utepe wa gundi. Wa barua aliufunga Mama kwa sababu ni Mama. Wa visheti niliufunga mimi ili usifunguke njiani. Mwadime alitikisa mmoja, haulii. Akatikisa wa pili, haulii. Akanipa mmoja, nikautia kwenye mkoba wa Mama. Yeye akakumbatia mwingine, akambusu Mama, akakimbilia kazini. Anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na huko simu zinafungiwa kabatini mpaka watoke. Shikeni hilo pia, litahitajika.

Tukiwa tumeshapita ukaguzi, dhoruba ile ile ya barabarani ikatufuata. Ndege ikacheleweshwa saa moja, halafu mbili, halafu wakaacha kutaja saa. Mama alikataa kiti cha magurudumu akisema yeye si mgonjwa. Mwanamke aliyekisukuma alikuwa na beji ya jina Furaha, na alivyotusikia tu akacheka.

"Mama, munatoka wapi? Kenya? Miye natoka Bukavu. Ikala tu, mama, kiti haiko ya bagonjwa, iko ya bakubwa."

Hapo Mama akakaa. Mtu akimweka katika kundi la wakubwa hawezi kubisha. Furaha alitusukumia mpaka mlangoni, na kila alipopita na abiria mwingine alikuja kututazama, mara na chai, mara na habari ya mvua. Mama alikaa saa tano na mkebe mapajani, mikono miwili juu yake. Nilipotaka kuuweka chini akanipiga kofi dogo la mkono.

"Ndani iko nini, mama?" Furaha akauliza. "Iko dhahabu?"

"Kijiji," Mama akasema.

Treni mbili na basi moja

Kwa kuchelewa kule, tulipotua Uingereza tukakosa treni yetu, na kwa kukosa ile tukakosa ya pili. Tulikula mkate baridi wenye yai baridi, uliotoka kwenye friji, na Mama akaniuliza kama hapa kuna vita. Binti wa Mama Pendo alikuja stesheni ya London kuchukua mizigo. Nikampa viatu, nikampa dawa ya nywele, nikampa shati, nikamwambia visheti vitakuja kwa posta kutoka Fort Worth. Nilisema hivyo moyo wangu ukiwa mweupe kabisa.

Basi la mwisho lilikuwa dogo, na kituoni walikuwa wamepanga mstari watu saba. Mama akaanza na wa kwanza. Akampa mkono, akamuuliza hali, akamuuliza watu wa nyumbani. Akaenda kwa wa pili. Waingereza wale walishikwa na butwaa. Mmoja alitazama nyuma kuona kama anasalimiwa yeye. Nilitaka ardhi inimeze, lakini Mama hajawahi kuingia mahali bila kusalimia na hakuona sababu ya kuanzia pale. Alipofika kwa wa saba, mama mmoja mnene mwenye mbwa, yule mama naye akauliza habari za Mama, na safari nzima hawakunyamaza.

Helen alikuwa akitungoja kituoni Ashenford, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni. Akaanza kutuonyesha njia. Mama akamwinulia mkono.

"Usinionyeshe."

Akasimama pale, akageuza kichwa taratibu. Kijito. Nyumba za mawe chini, zimebanana. Kanisa peke yake juu ya kilima. Safu ya nyumba za matofali mekundu ilipokuwa stesheni. Na pembeni kabisa nyumba mpya zinazofanana zote, za watu wanaofanya kazi mjini na kurudi jioni, ungesema umeshuka Katy. Halafu Mama akaanza kutembea. Akapita uwanjani, akashuka kichochoro kisicho na kibao, akakunja kushoto, na sisi nyuma yake, mpaka tukatokea kwenye daraja dogo la mawe.

"Hapa ndipo kivuko kilipokuwa," akasema. "Na ile ni nyumba ya kinu. Gurudumu lilitolewa."

Helen alivaa miwani yake akamtazama. "Mimi nimezaliwa hapa," akasema, "na kichochoro hicho nilikijua nikiwa na miaka ishirini."

Jamani, nilijivuna. Nilitaka mngekuwapo wote.

Ukumbini

Jumamosi saa tano asubuhi ukumbi wa kijiji ulikuwa umejaa. Saba wa basini walikuwapo, hata mbwa. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Colin, alikuwa mzee mrefu mpole anayeishi katika nyumba ile ya kinu. Nawaambia mapema ili msimchukie: hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kanisa lilianza.

Edith aliletwa kwa kiti cha magurudumu kutoka nyumba ya kutunzia wazee. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona. Alikuwa mdogo kitini, nywele nyeupe pe, upande mmoja wa uso umelala. Mama alimwendea, akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya mbao, mama yangu ambaye magoti yanamuuma hata kanisani. Edith alimshika uso kwa mkono wake mzima akauchunguza, kisha akagonga fimbo yake sakafuni mara moja.

"Hivyo ndivyo anavyosema ndiyo," Helen akatueleza. "Mara mbili ni hapana."

Basi Mama akasimama mbele, akashukuru kwa kupokelewa, akaweka mkebe mezani. Akaeleza kwamba humu mna sauti ya Edith, barua kwa barua, na kwamba hajaongeza neno. Akakata utepe kwa mkasi. Akafunua.

Karatasi nyeupe. Chini yake, visheti.

Nikatoka nje mbio na simu. Mwadime hapatikani. Texas ilikuwa bado alfajiri, simu yake iko kabatini, na kamati ingepiga kura kabla ya chakula cha mchana kwa sababu mchonga jiwe alikuwa anangoja. Niliporudi ndani nilikuwa nalia wazi. Mama alikuwa amekwenda umbali wote ule kumrudishia rafiki yake sauti, na mimi, kwa kushindwa kusema hapana kwa watu wa Houston, nilikuwa nimembebesha vitafunio.

Mama aliutazama mkebe. Akautazama tena. Kisha akampa mama mwenye mbwa.

"Chukua kimoja, upitishe," akasema. "Na mnitafutie chaki."

Chaki haikuwapo, lakini ukumbi ule hutumiwa na watoto, na ukutani palikuwa na ubao mweupe na kalamu zake. Mama akavua koti. Akageuka kuelekea ubao na mgongo wake ukawa ule mgongo ninaoujua mimi. Akachora kijito kwa mstari mmoja bila kuinua mkono. Akachora kivuko. Nyumba ya kwanza, ya mtu aliyevusha ng'ombe wa wengine. Ya pili, ya ndugu yake. Halafu kinu, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kupata watu wa kuwahudumia. Watu wa mbali wakaja kusaga, wakisubiri zamu wakalala, waliolala mara nyingi wakajenga. Ndipo kanisa, juu kilimani, kwa kuwa kule chini mafuriko yalikuwa yakiingia. Mara kwa mara alitua, akamtazama Edith. Fimbo ikagonga mara moja. Alipochora shule ikagonga mara mbili. Mama akafuta, akaihamishia ng'ambo ya barabara, ikagonga mara moja. Watu wakacheka, midomo yao imejaa visheti.

Alipomaliza Bwana Colin akainuka. "Ni ramani nzuri mno," akasema, na alimaanisha. "Lakini kitu cha kuchonga kwenye jiwe kinahitaji zaidi ya kumbukumbu. Tunajuaje kwamba nyumba ya kivukoni ilitangulia kanisa?"

"Edith aliniandikia ushahidi," Mama akasema. "Ulikuwa..."

Kalamu ikabaki hewani. Nilimwona akitafuta na asipate. Ana miaka sabini na minne na alikuwa hajalala usiku wa siku mbili. Edith naye alimkazia macho, mdomo ukihangaika, maneno yamemkwama. Wazee wawili wenye jibu moja, na hakuna awezaye kulitoa.

Na mimi, mwanamke mzima, nesi mwenye mtoto chuo kikuu, nikaona mkono wangu uko juu.

Mama aliniona. "Wakesho," akasema, kwa sauti ya darasani. "Simama."

Nikasimama. Nikajibu kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyoliandika mara hamsini: "Nusu ya kizingiti cha nyumba ya kivukoni imo ukutani mwa kanisa, upande wa kaskazini, chini kabisa. Nusu nyingine iko bustanini mwa nyumba ya kinu. Mtu hawezi kujengea ukuta jiwe la nyumba ambayo haijajengwa na kubomolewa."

Kisha nikawaambia kwa Kiingereza.

Fimbo ya Edith ikagonga mara moja. Ikagonga tena na tena, mpaka Helen akamshika mkono asianguke.

"Bustanini kwangu?" Bwana Colin akauliza.

Bustani ya Bwana Colin

Tulikwenda ukumbi mzima, Edith mbele kitini. Nyuma ya nyumba ya kinu, karibu na maji, palikuwa na benchi la jiwe lenye vyungu vya maua. Bwana Colin aliviondoa kimoja kimoja. Jiwe lilikuwa limelika kwa nyayo za watu, na upande mmoja lina tundu la duara, mlango ulipozungukia. Upande wa pili lilikuwa limevunjika kwa kona.

"Miaka kumi na saba nimenywa chai yangu juu ya hili," Bwana Colin akasema.

Helen alileta karatasi ya kufungia zawadi na penseli. Tukachora ule mvunjiko, tukaukata, tukapanda kilima tukisukuma kiti cha Edith. Ukuta wa kaskazini wa kanisa umeota nyasi. Bwana Colin mwenyewe alipiga magoti akazitenganisha kwa mikono, na hapo, chini kabisa, kuna jiwe lililolika vilevile. Akaweka karatasi yetu kwenye ukingo wake. Ikakaa. Kona kwa kona.

Hakuna aliyeshangilia, Waingereza hawashangilii upesi. Bwana Colin aliinuka, akapangusa magoti, akamwendea Edith. "Nisamehe," akamwambia. "Ulinieleza hili zamani na sikusikiliza." Ndipo akamgeukia Mama akampa mkono, akamuuliza hali na watu wa nyumbani, kama alivyomwona akifanya ukumbini asubuhi. Jiwe litachongwa kwamba kijiji kilianza kivukoni, na chini yake: imechunguzwa na Edith, imehifadhiwa na rafiki yake Mwalimu Mkawasi wa Taita. Nimeona karatasi ya mchonga jiwe kwa macho yangu. Jina la mama yangu lina herufi zake zote.

Kurudi

Siku ya kuondoka tulikwenda kumuaga Edith. Mama aliuchukua ule mkebe mtupu, ameuosha, akisema mwenyewe Mama Pendo anaweza kuuhitaji. Edith alipouona akaunyooshea kidole, kisha akamnyooshea Helen. Helen akafungua kabati akatoa furushi kubwa lililofungwa utepe.

"Historia yake ilikuwa chumba cha chini, maji yakaichukua," akasema. "Hizi alizilaza juu, karibu na kitanda. Anataka mrudi nazo."

Mama alisoma mwandiko wa bahasha ya juu. Akakaa kitandani mwa Edith.

"Hizi ni zangu," akasema. "Nilikuwa namjibu tu."

Zilikuwa barua zake zote, za miaka yote niliyotumwa posta. Na kwenu je? Edith aliuliza, na Mama, bila kutuambia, alikwenda kwa wazee mmoja mmoja akiuliza, akaandika. Wazee wale hawapo tena. Tulizipanga mkebeni, zikaingia barabara. Waliagana kwa fimbo, mara moja, na Mama hakugeuka nyuma mpaka basini. Huko ndiko alikolia.

Fort Worth, Mwadime alitupokea na mkebe wake mikononi, aibu tele usoni. Alikuwa ameufungua akitafuta visheti vya kula na chai. Barua za Edith zote zilikuwa salama, na sasa nakala zake zimekwenda Ashenford. Akatuandalia chakula. Binti yake Neema ana miaka kumi. Kiswahili anakielewa na kujibu kwa Kiingereza, na Kitaita hajui hata salamu. Ni jambo linalomkata Mama maini, ingawa hasemi. Neema alifungua mkebe wetu kwa udadisi wake, akatoa barua ya juu kabisa, ile ya zamani kuliko zote. Mama aliziandika kwa Kiingereza, si alikuwa anamwandikia Edith?

"Bibi, I can read this!" akasema, akaanza kusoma kwa sauti, na sisi vijiko vikasimama. Nawatafsiria: Mpendwa Edith, umeniuliza kijiji chetu kilianzaje. Kilianza na chemchemi, na mwanamke mmoja aliyekataa kuendelea na safari.

Mimi niliyeandika habari za Ashenford mara hamsini sikuwahi kulisikia hilo. Mwadime naye hakuwahi.

"Who was she, Bibi?"

Mama akavuta kiti chake karibu na mjukuu wake. "Endelea kusoma," akasema. "Utamkuta."

Alisoma barua tatu kabla chakula hakijapoa, na mbili baada ya kupoa.

Kwa hiyo, Mama Pendo, visheti nitakupikia mimi mwenyewe, mara mbili ya vile, na nitampelekea binti yako kwa mkono wangu. Lakini mkebe wako usinidai. Una kijiji ndani.